Hii Si Hadithi

Garissa, 4 Machi 1966

Walaal Noordin,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa Abti Bulle, ndugu wa marehemu mama. Yeye ametiwa ndani kwa sababu yako.

Ndiyo, yako! Ulipoacha ukarani Nairobi ukaandike vitabu vya kutisha, nilinyamaza. Cha kwanza majini, cha pili maiti anayetembea. Nikasema Mungu atakurudishia akili. Sasa hiki cha tatu, cha mtu anayegeuka fisi na kuvusha bunduki Mto Tana, umemwita Bulle! Anachechemea! Anauza ngamia! Kwani majina yameisha duniani?

Inspekta amekisoma. Akamwuliza abti, "Mzee, hii ni hadithi tu?" Abti akaruka: "Astaghfirullahi! Hii si hadithi!" Akaapa na kuapa tena. Basi, kwao huyo ni shifta, mwasi wa bunduki, na amekiri. Watampeleka mbali, na kile kifua chake unakijua. Hatarudi hai.

Matusi yangu yote ni ya Kisomali, na Kisomali hatukiandiki, kwa hiyo umepona. Fanya kitu!

Dada yako,
Abshiro

Nairobi, 10 Machi 1966

Abaayo Abshiro,

Wa aleykum salaam. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi.

Inspekta alikisoma chote? Alishtuka pale mtoni? Mchapishaji anasema kinauzika sana, anataka Bulle arudi katika cha nne. Usinune, nauliza tu.

Sikiliza. Abti ni mtu wa Kurani. Kwake hadithi ni maneno ya Mtume, basi. Ameulizwa kama fisi-mtu ni maneno ya Mtume, ulitaka ajibu nini? Mwambie inspekta aulize kwa neno letu la kisa cha kutunga, *sheeko*. Nimetia humu barua ya kuapa kwamba yote nimeyatunga mimi. Mwombe abti anisamehe.

Kaka yako,
Noordin

Garissa, 23 Aprili 1966

Walaal Noordin,

Assalaam aleykum. Kifua cha abti kibaya, sisi wengine tunasukuma siku.

Eti alishtuka mtoni! Huna haya wewe. Nilikaa juani mpaka inspekta akachoka kuniona. Akauliza, "Mzee, hii ni sheeko?" Abti akasema, "Sheeko, ndiyo! Tena ya mtu hana kazi." Askari wakacheka, wakamwachia.

Lakini yeye hacheki. Sokoni wanunuzi wanamkwepa. Kila lori jipya la askari likija, kuna mmoja aliyekisoma, anauliza Bulle yuko wapi. Wameshamchukua tena mara mbili. Kila mara nabeba barua yako, nakaa juani. Nimechoka, Noordin, nimechoka na wewe!

Nimemwambia kuhusu kitabu cha nne. Nilidhani atakulaani. Badala yake ameniambia niandike hivi hivi anavyosema:

"Noordin, mtoto ya dada yangu, mimi nimesamehe. Bulle arudi, hakuna neno. Lakini ukurasa ya kwanza uniue. Andika kubwa, Bulle amekufa, ili askari wote wasome, waache kunitafuta. Unizike vizuri. Na wallahi, nisitembee kama yule wa kitabu ya pili."

Dada yako,
Abshiro