Papa, Bunduki Yako Imeota Kutu

Papa,

Nimeketi kwenye baraza ya rafiki yako Kobus, shambani kwake huku milimani, na bunduki zake tatu ziko mezani mbele yangu. Ya nne ni yako. Iko chumbani, juu ya kitanda ulichokuwa unalalia kila majira ya baridi ukija kuwinda huku, nami siwezi kuitazama. Kesho kukipambazuka natoka na Kobus kutafuta pofu, yule swala mkubwa kuliko ng'ombe. Sijui nitoke na ipi. Hapana, nasema uongo. Najua, na ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwaka umekwisha tangu uanguke kazini Clairwood, chini ya lori ulilokuwa unatengeneza, na wenzako wakadhani umejilaza kidogo. Mama bado analala chini. Godoro liko sebuleni, pale pale wamama wa kanisa walipolitandika siku ya msiba, maana mjane wa kwetu hapandi kitanda mpaka matanga yaishe. Asubuhi anainuka kwa kushika mguu wa meza. Mgongo umemwisha. Halalamiki, nawe unajua, mama akinyamaza ndipo mambo yamekuwa mabaya. Kitanda chenu kimekaa na shuka lile lile. Kila siku napita kati ya kitanda kitupu na yeye aliye sakafuni, nikienda chuoni kufundisha, nimebeba vitabu kama mtu anayejua jambo.

Jumamosi ijayo ndiyo siku ya kumaliza matanga. Watu watakuja kutoka Isipingo, kwaya imeshajipanga, na mdogo wako, Baba mdogo Wilondja, ndiye anayesimamia yote. Alikuja nyumbani akaketi kwenye kiti chako, akaona nimemwangalia, akahamia kingine. Kisha akasema: "Baba yako alikuwa muwindaji. Matanga ya muwindaji inaishaka na nyama mutoto yake aliua, tena na silaha yake mwenyewe. Nyama ya kununua ni chakula tu." Akanitazama, akaanza kucheka. "Lakini kaka yangu Etabo alituachia nini? Alituachia profesa."

Nikamwambia mimi si profesa.

"Basi mwalimu. Utamusomea pofu kitabu, atakufa ya usingizi."

Mama akasema kutoka kwenye godoro, bila kugeuka: "Wilo, kaka yako alimufundisha huyu mutoto. Weye alikufundisha, ukapiga tairi ya gari."

Baba mdogo akainuka kwenda zake. Lakini kabla ya kuondoka, pale mlangoni, alisema neno ambalo limekaa kifuani mwangu mpaka leo: "Kama nyama haiko, matanga haiishe. Shemeji atabakia pale chini." Hakulisema kwa ubaya, Papa. Analiamini. Mama naye analiamini, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mimi siliamini lakini mgongo unaouma ni wa mama, si wangu.

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Mwaka mzima sikuwa na kazi ya kuifanyia huzuni hii. Niliiona tu ikikaa. Sasa nikapewa kazi. Niliwaza nitaweka shavu langu pale kwenye kitako cha bunduki yako ambapo shavu lako lilikwangua vanishi mpaka mbao ikawa nyeupe. Niliwaza nitavuta pumzi na kuiachia nusu, kama ulivyonifundisha hapa hapa shambani, umelala ubavuni mwangu kwenye nyasi zenye baridi, unaninong'oneza, "Bado, Ape. Bado. Usimufate, mungoje ageuke." Leseni ninayo, jina langu limeandikishwa kwenye bunduki ile ile pamoja na lako. Niliona kama vile uliiandaa siku hii mwenyewe.

Kisha nikafungua sefu.

Unakumbuka ulivyokuwa unaifungua kila Jumapili baada ya ibada, bado umevaa tai, na kitambaa chako cha mafuta? Siku ya mazishi Baba mdogo alisema silaha ya marehemu haiguswi mpaka wakati wa kumaliza matanga, maana mikono yake bado imeishika, iiachie kwanza. Aliivingirisha kwenye kitenge chako cha kijani, mama akafunga sefu, mimi nikatunza ufunguo. Kila mmoja wetu alifanya kwa heshima. Ulinisimulia kwamba huko kwenu, kabla hamjahamia nchi hii, bunduki ya babu ilitundikwa juu ya jiko alipokufa, ikala moshi mwaka mzima, ikashushwa nyeusi na kavu kama ilivyopandishwa. Nyumbani Umbilo hakuna moshi. Kuna sefu iliyobanwa kwenye ukuta unaotoa jasho. Kuna hewa ya bahari inayokula hata bawaba za madirisha. Na kuna kitenge cha pamba, kinanyonya unyevu wote huo na kuukumbatisha na chuma.

Tuliizika bunduki yako, Papa. Tuliivika sanda, tukaizika kwenye sanduku la chuma, na baada ya mwaka tukaifukua tukitaka ifanye kazi. Kitenge kilikuwa kimegandamana na mtutu. Nilipokivuta kilitoka na rangi ya kahawia, na harufu yake ilikuwa kama ya sarafu za zamani. Mama aliuliza, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa.

Nilimpelekea Naidoo, yule fundi wa Umbilo Road uliyekuwa unabishana naye mambo ya mpira mpaka anasahau wateja. Alichungulia ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye taa, akachungulia tena, kisha akavua miwani. "Nani amemfanyia hivi?" Aliuliza vile vile, kama anayezungumzia mgonjwa. Aliisafisha siku mbili, hakukubali hata asante yangu. Akaniambia kutu imechimba vishimo karibu na mdomo wa mtutu na vishimo havizibwi. Mbao ya kitako imevimba, inausukuma mtutu upande, na hata akiichonga leo, nikiipandisha kwenye baridi kavu ya milimani itanywea na kusukuma kwingine. Ile pini inayogonga risasi imekuwa nzito. Mtutu mpya unawezekana, lakini ni miezi. "Kwa kopo juu ya ukuta, sawa," alisema. "Kwa mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, usinifanyie hivyo, na usimfanyie mnyama."

Nilimwambia Baba mdogo. Akasema, "Eish, Ape, yule Muhindi anataka kukuuzia ingine." Nikamweleza habari ya vishimo. Akasema, "Etabo atakusaidia kupiga." Nimjibuje mtu anayekuamini wewe kuliko ninavyoweza kukuamini mimi?

Basi nimeileta. Nilitaka ukweli uwe uongo. Jana jioni Kobus alinisimamishia shabaha pale kwenye bonde, kwenye ukingo wa udongo ambao wewe na yeye mliutumia. Nikalala chini. Shavu langu likapata pahali pake, Papa, palikuwa laini kama nilivyowaza, na kwa muda mfupi niliona yote yatakuwa sawa. Nikavuta kifyatulio. Ikasikika tik. Hakuna kitu. Nilingoja kama ulivyonifundisha, mdomo wa bunduki ukiwa bado umeelekea kwenye udongo, kisha nikaitoa risasi, nikaweka nyingine. Ikapiga, ikaenda kushoto. Iliyofuata ikaenda chini kulia. Nyingine haikugusa hata karatasi. Kobus alitazama na darubini yake. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Bega likaanza kuuma na machozi yakaniziba jicho la kulenga, nami naendelea kupiga, nakasirika na mbao, nakasirika na bahari, nakasirika na wewe uliyekwenda bila kusema nani aipake mafuta. Mwishowe Kobus akaweka mkono juu ya komeo la kuingizia risasi. "Inatosha, dada," akasema kwa Kizulu. "Hayupo humo."

Leo amezitoa zake tatu, akaniambia nichague ninayotaka, naye atakuwa ubavuni mwangu, maana ndivyo sheria inavyosema kwa bunduki ya mtu mwingine. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Sikuuliza bei, sikuuliza ilikotoka. Nilizipiga moja moja, mtutu ukiwa baridi, nikaiacha ipoe, nikarudi baadaye. Nakusikia: "Risasi ya kwanza ndiyo bunduki. Zingine ni kelele. Pofu hatakungojea upashe chuma moto."

Ya kwanza ni ile kubwa ya baba yake, iliyotengenezwa kwa nyati. Hiyo ingemwangusha pofu bila maswali. Lakini inapiga bega kama mlango, na kufikia mara ya pili nilikuwa nimeanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Najijua. Kesho ningefumba. Ya pili ni mpya, nyepesi, ina darubini ndefu kama mkono wangu, na mbao yake ina mistari ya asali. Niliipenda papo hapo. Nikakukumbuka dukani kwa Naidoo, nilipokuonyesha moja kama hiyo, ukanicheka mbele ya watu: "Haiko kiatu ya kanisa, Ape. Hakuna mutu atakuangalia miguu." Risasi yake ya kwanza ilikwenda vizuri. Mtutu ni mwembamba, ukapata joto, ya tatu ikahama. Tena komeo lake linataka mikono iliyotulia, na mikono yangu siku hizi haijatulia.

Ya tatu ni mbaya kabisa. Kitako cha plastiki nyeusi, kimekwaruzwa na milango ya magari, mkanda umefungwa kwa waya. Ni ya kuwindia nyama ya wafanyakazi. Inakula risasi zile zile unazotumia wewe, zile nzito ulizosema zinatosha kwa pofu kama mtu ana subira ya kungoja ageuke ubavu. Plastiki hainywi maji. Haijui kama iko baharini au milimani. Asubuhi ilipiga katikati ya shabaha, mchana ikapiga papo hapo, na jioni hii, baridi inaanza kushuka, nimepiga mara moja tu na tundu limegusana na mengine. Nimefungua na kufunga komeo nikitetemeka makusudi, nikiwa nimefumba macho, halikukwama. Haina uzuri wowote. Haina harufu yako. Ingekuwa wewe umekaa hapa ungeshaichukua, ungeshakuwa jikoni unamwomba Kobus kahawa.

Hilo ndilo linaloniua, Papa. Kila ulichonifundisha kinaniambia niiache bunduki yako. Nikikutii, nakuacha kitandani kule chumbani. Nikikubeba, nitamjeruhi mnyama. Atakimbia na risasi tumboni mpaka kwenye mabonde ambako hatutamfikia, na hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukuona ukikifanya. Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Nimejaribu kulifikiri kama ninavyowafundisha wanafunzi kufikiri, hatua kwa hatua, na kila mara nafika pale pale, na kila mara napafika nikilia.

Sijui kama uko mahali unaponisikia. Ukimya wako hauna hata mlango wa kugonga. Mwaka mzima nimekaa nikitegemea kwamba kitu kimoja kati ya vitu vyako kitanijibu, na kilichojibu kilisema tik.

Nitatoka na ile nyeusi.

Nimeshamwambia Kobus, kabla sijamaliza barua hii, ili nisiweze kurudi nyuma. Akaitikia kwa kichwa, akazirudisha nyingine kwenye sefu. Yako nitairudisha Umbilo. Nitaipaka mafuta nikifika, nayo haitawinda tena, na sitamwambia mtu yeyote kwamba inaweza. Baba mdogo nitamwambia ukweli mbele ya wageni wote, kabla hawajala: nyama hii haikupigwa na silaha ya Etabo, ilipigwa jinsi Etabo alivyopiga. Najua atasema bunduki ya Kobus haijui jina la kaka yake. Aseme. Asipokula, sahani yake nitaila mimi.

Na isipopatikana nyama? Pofu asipogeuka, upepo ukitusaliti, mikono yangu ikinishinda, sitapiga kwa kubahatisha ili tu nirudi na kitu. Hiyo nakuahidi kwanza. Na ya pili nakuahidi pia, ingawa naiogopa kuliko ya kwanza: nyama iwepo au isiwepo, Jumamosi hiyo wageni wakiondoka nitabadilisha shuka la kitanda chenu, nitamshika mama mikono miwili, nitampandisha. Akikataa, nitalala naye pale chini, na asubuhi nitajaribu tena. Hatakaa sakafuni akingojea risasi ya mtu.

Kobus ananiita, chakula kimewekwa. Jua limeingia nyuma ya milima na siioni karatasi vizuri.

Nenda salama, Papa. Mikono yako nimeiachilia.

Mwanao,
Apendeki