Masizi mu rangi ya Baba Kabwe

Mujukulu wangu Nadine,

Huku Kampemba tuko muzuri, nkambo wako mwanamuke, bibi yangu, anakusalimia. Unaniuliza kama naamini kazi yenu ya laboratoire: kuchoma takataka, kutoa mule karboni laini sana na kuitia mu rangi, chuma kisishikwe na kutu. Niliwaza palepale: hapa banadanganya bantu.

Ni vile niliwaza pia nikiwa kijana wa kazi mu atelier ya Baba Kabwe, fundi wa rangi, ku Katuba. Alikuwa anachoma maganda ya kalanga, anachunga ule unga mweusi na kitambaa mara tatu, anauchanga mu rangi ya ma-portail, ile milango mikubwa ya chuma. Miye nikaambia mama mumoja, client wake aliyeleta portail kupakwa: anaongeza rangi na masizi ili iwe mingi.

Mama akamuuliza mbele ya bantu: «Baba, kumbe unatupakalia masizi ya nyungu? Kijana wako ameniambia.»

Bantu bakacheka. Baba Kabwe akaniangalia: «Ungeniuliza miye kwanza.»

Ma-client bakahama, atelier ikafungwa. Portail ya ule mama ingali nyeusi mpaka leo, haina kutu. Baba Kabwe alikufa, sikumuomba masamaha.

Juu ya kazi yenu, bado niko na mashaka. Lakini siendi kusema na majirani. Nakuuliza weye: munachunga ule unga namna gani?

Nkambo wako