Maziwa ya Josefati

Jumatatu, 5 Machi 1979. Kijijini, upande wa Lusahunga.
Magunia ya maharage ya askari yamepakiwa. Habari yangu ya gazeti imekwisha kabla ya mchana. Lori la kunirudisha Biharamulo halina dizeli. Nabaki kwa Mama Pasiansia. Mwanawe, Filbert, ni mgambo. Alikwenda vitani Novemba. Mkamwana wake, Veronika, ananyonyesha. Josefati ana miezi mitano. Halii kama watoto wengine. Sauti yake inakwaruza tu.

Jumatano, 7 Machi.
Mvua. Mtoto amekonda mpaka ngozi ya mapaja inakunjika. Veronika anakamua titi. Tone moja. Mama Pasiansia amesema mbele yangu:
"Umembemenda mjukuu wangu. Mtaje huyo mwanamume."
Wanaamini mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, mtoto hukauka. Filbert yuko vitani. Hesabu ya bibi ni rahisi. Veronika akaendelea kukamua. Nadhani hakuna mwanamume. Sina ushahidi.

Ijumaa, 9 Machi.
Veronika kanipeleka mgombani, kanionyesha kaburi dogo. Leokadia, mtoto wake wa kwanza.
"Alikuwa na miezi minane nikashika mimba ya huyu. Nikamwachisha ziwa. Akaisha hivihivi."
Kisha akafungua pindo la khanga. Vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Kapewa na mama mwenye kilabu cha pombe, pale njia panda ya malori. Januari Filbert alituma salamu kwamba anakuja likizo. Veronika akaanza kumeza, asije akachimba kaburi la pili. Filbert hakuja. Veronika hakuacha kumeza. Anamngoja.
Akivionyesha nyumbani, bibi atasema amekiri. Naogopa. Si kawaida yangu.

Jumatatu, 12 Machi.
Dizeli imepatikana. Tumemshusha mtoto zahanati. Muuguzi kavitazama vidonge, kafoka.
"Nani kakupa hivi, dada? Hivi vinapunguza maziwa! Anayenyonyesha tunamchoma sindano."
Aache leo. Amnyonyeshe mara kwa mara, mchana na usiku. Amwongezee maziwa ya ng'ombe kwa kikombe mpaka yake yarudi. Veronika akaiomba sindano.
"Njoo na mume, akubali."
"Mume yuko vitani."
"Basi msubiri."

Jumanne, 13 Machi.
Nimemsindikiza kurudi. Veronika kasema yote mwenyewe, amesimama. Bibi akauliza:
"Dawa ya mume, na mume hayupo?"
"Nilikuwa namngoja, mama."
"Ungemngoja kwa rozari kama wenzako."
"Rozari niliisali na kwa Leokadia, mama."
Bibi akatoka. Nilidhani anakwenda kuita wazee wamfukuze. Karudi jioni na kibuyu cha maziwa kutoka kwa jirani. Alikishika kikombe mwenyewe, mtoto akanywa.

Alhamisi, 22 Machi.
Nimepita tena, magunia mengine. Josefati analia kwa sauti, kwa hasira. Titi linadondosha kabla hajalishika. Bibi kanikaribisha, kisha akamtania mkamwana: "Mkamie wewe, ng'ombe wa jirani apumzike." Veronika kacheka. Mara ya kwanza kumsikia.

Jumamosi, 31 Machi.
Mwenyekiti wa kijiji alikuja Jumanne, kofia mkononi. Filbert kafa. Kazikwa hukohuko. Nimefika leo, matanga yameanuliwa. Majirani wanasema Mama Pasiansia hajalia.
Nimemkuta amevaa khanga zake za kanisani.
"Veronika, jiandae. Twende ukachomwe ile sindano. Nitawaambia mimi ndiye mama wa mume, nimekubali. Filbert akirudi, tusije tukamzika Josefati pia."
Veronika alinitazama. Nikatazama chini.
"Ndiyo, mama," akasema.
Hakuinuka. Bibi naye akakaa, khanga zake zimenyooka, macho mlangoni. Mvua imekatika. Josefati ananyonya. Mle ndani kinachosikika ni kumeza kwake tu.