Kwa Sababu, Lakini, Kwa Hiyo

Jumatatu, 13 Aprili

Nimerudi kutoka semina Mpanda mjini. Begi la bure, kalamu mbili, kichwa kimevimba. Wenzangu walitegemea nimewaletea walau maandazi ya Majengo. Nimewaletea Mpango!

Mpango wenyewe ni huu: kila somo, sio Kiswahili tu, kipindi kiishe mtoto ameandika sentensi moja kamili. Yake mwenyewe. Asinakili ubaoni, asijaze nafasi. Iwe Sayansi, iwe Hisabati, hata michezo. Na sentensi iwe na "kwa sababu", au "lakini", au "kwa hiyo", ili tuone kama amefikiri au amepayuka tu.

Kikao cha walimu, nikasimama kueleza. Ningekaa hapo hapo, leo ningekuwa mtu wa maana. Lakini Leonidas wa Hisabati akauliza, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeshiba, na wasioweza je? Nikaona ananipima. Nikajibu kama waziri: mtoto wa darasa la sita asiyeweza kuandika sentensi akakae na darasa la pili mpaka aweze! Watu wakashtuka kidogo. Nikanogewa. Nikaongeza kwamba wapimwe kwa ukimya kabisa — anayeongea ameshindwa.

Mwalimu mkuu wetu, Ezekia, akapiga makofi. Akasema tuwapime mbele ya wazazi, kwenye mkutano wa mwezi wa tano. Makofi tena. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Odeta mimi! Nani alinituma?

Alhamisi, 16 Aprili

Nimefundisha "kwa sababu". Nilitaka mfano mwepesi, nikaandika ubaoni: Tumevaa sare kwa sababu mwalimu alisema. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja. Wameelewa haraka ajabu. Nimetoka najisikia mwalimu wa taifa.

Jumanne, 21 Aprili

Loh.

Scola wa Sayansi ameingia ofisini na rundo la madaftari, anacheka mpaka anashika ukuta. Maji huchemka kwa sababu mwalimu alisema. Mjusi hutaga mayai kwa sababu mwalimu alisema. Moyo husukuma damu kwa sababu mwalimu alisema. Darasa zima!

Nikamwambia labda Sayansi ndiyo ngumu. Leonidas akatoa daftari moja la kwake, akakohoa, akasoma kama anasoma habari: Saba mara nane ni hamsini na sita kwa sababu mwalimu alisema. Halafu akasema wa kwake angalau hawajadanganya, maana kweli yeye ndiye aliyesema.

Nilicheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya madarasa nikakasirika peke yangu mbele ya mihogo ya shule.

Daftari moja tu halikuwa na upuuzi huo, kwa sababu halikuwa na kitu. La Emelyne, binti wa mzee Dieudonne. Tarehe kaandika vizuri, kapiga mstari wa pembeni kwa rula, halafu basi. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama miguu yake. Nikauliza tena, kwa ukali. Akatazama miguu yangu.

Scola anasema labda ni Kirundi cha nyumbani kinamchanganya. Sio. Kina Rosine na wenzake nao ni wa familia zilizotoka Burundi, na wanaandika kuwapita hawa wa kwetu. Huyu hajui tu. Ndivyo nilivyosema. Hajui tu.

Jumanne, 28 Aprili

Nimebadilisha mifano na mambo yameanza kukaa sawa. Nimepitia madaftari ya masomo yote, wengi wanatoa sababu zao wenyewe. Nyingine za ajabu, lakini zao. Mmoja kaandika Mlima una baridi lakini uko karibu na jua, kwa hiyo kuna mtu anatudanganya. Nimempa vema kubwa.

Emelyne, karatasi nyeupe. Nikisema andikeni, midomo yake inaanza kucheza, nami nagonga meza: kimya! Inaacha. Na kalamu nayo inaacha.

Mkuu leo kaamua kwamba kwa vile Emelyne ndiye peke yake aliyebaki bila sentensi, aanze kuzoea darasa la pili mapema. Nimepita dirishani nimemwona. Mtoto mrefu vile kwenye benchi la wadogo, magoti karibu yaguse kidevu. Kile kitoto cha mbele kinageuka kila saa kumchungulia na kucheka. Nilipita haraka. Nilikuwa na kazi nyingi, nilijiambia.

Jumatano, 29 Aprili

Emelyne hajaja.

Alhamisi, 30 Aprili

Hajaja. Rosine anasema yuko bondeni kwao, analinda mpunga usiliwe na ndege. Msimu huu nusu ya shule iko bondeni. Nimejiambia ni msimu tu.

Jumamosi, 2 Mei

Nimeazima baiskeli ya Scola nikaenda mashambani kwa mzee Dieudonne. Nilivaa gauni la kanisani ili nionekane mtu mwenye mamlaka. Kwenye ule mfereji wa kwanza mamlaka yaliingia kwenye tope mpaka kiunoni. Baiskeli ilibaki imesimama, mimi ndiye niliyelala.

Nikiwa najikamua nikasikia sauti. Kali! Inatoka juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachosimama walinda ndege. Mtu anavuta kamba za makopo, kwara kwara kwara, na anawatukana kwelea kwelea kama wamemkosea yeye binafsi:

"Nyie nyie! Mmekula kwa kina Yohani mkashiba, lakini hamna haya, kwa hiyo mmekuja na kwetu! Ondokeni! Mnanionea kwa sababu niko peke yangu, lakini mawe ninayo!"

Halafu akamalizia na Kirundi, ambacho sikukielewa, na namshukuru Mungu.

Nikasimama kwenye tope. Kwa sababu, lakini, kwa hiyo! Vyote, kwa mpigo mmoja, na kwa hasira. Nikainua macho. Emelyne! Aliponiona akashuka haraka, kichwa chini, akaniamkia kwa sauti isiyosikika. Mtoto yule yule wa karatasi nyeupe.

Chini ya dungu udongo umelowa, umejaa maandishi ya kijiti. Nikainama kusoma. Ni matusi ya ndege! Nikamuuliza nani kaandika. Akasema ni yeye, huwa anasema kwanza, akishasikia jinsi ilivyo ndiyo anaandika. Kama anaomba msamaha.

Mzee Dieudonne akaja na kofia mkononi. Mimi nilijiandaa kugombezwa. Hata! Akanitafutia kigoda, akaniambia pole kwa tope. Halafu akasema taratibu, "Madamu, mimi sina ugomvi na shule. Lakini kama ni kukaa na watoto wa darasa la pili, heri akae na ndege. Ndege hawamcheki."

Akasema mpunga ukivunwa Emelyne atakwenda Kapalamsenga kwa shangazi yake, akasaidie kuanika dagaa. Nikauliza mpaka lini. Akanishangaa kidogo. "Si ndiyo basi, madamu. Ndiyo ametoka shule."

Nikamwomba amrudishe hadi siku ya mkutano tu. Anaziweza sentensi, nikamwambia, nimeziona. Akauliza zimeandikwa wapi. Nikamwonyesha udongo. Alitazama, akanitazama mimi na gauni langu, akakubali. Nadhani ni kwa huruma.

Jumatatu, 4 Mei

Amekuja. Nimemchukua mapumzikoni nyuma ya tanki la maji, nikamwambia aseme kwanza, kwa sauti anayotaka, mimi sipo. Akanigeuzia mgongo. Akasema mara ya kwanza, akarudia, akapunguza neno, akarudia tena. Kisha akaandika, midomo inacheza muda wote:

Ndege hupenda mpunga ambao bado una maziwa kwa sababu ni laini, lakini ukikomaa hawautaki sana, kwa hiyo sisi tunalinda mapema.

Nimeisoma mara nyingi. Jicho likaanza kuwasha, nikasingizia vumbi. Vumbi gani wakati mvua bado zinanyesha?

Kumbe mtoto huyu lazima aisikie sentensi yake kabla ya kuiandika. Na kila alipotaka kuisikia, kuna mwanamke mmoja aligonga meza akapiga kelele kimya. Mwanamke aliyetoka semina. Nimejichukia leo, kweli.

Jumatano, 6 Mei

Nimejaribu darasa zima: mwambie jirani sentensi yako, akikuelewa ndiyo uandike. Kelele! Leonidas kapita, akauliza mnada unaisha saa ngapi. Lakini madaftari, jamani. Hata Denis, anayeandikaga kama analipia kila neno, kajaza mistari mitatu kuhusu kwa nini sehemu ya nane ni ndogo kuliko sehemu ya nne. Kasema ni kwa sababu wagawanaji wamekuwa wengi lakini mkate ni ule ule.

Baadaye nimepita darasa la Leonidas. Mnada. Amesimama katikati anasema mwambie mwenzako kwanza, mwambie mwenzako. Hajaniambia chochote, na mimi sijamwuliza. Nimetembea kwa maringo mpaka chooni.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa mkuu kuomba kesho kwenye mkutano watoto waruhusiwe kusema kabla ya kuandika. Ezekia akavua miwani. Akaniambia sheria imeshatangazwa kwa wazazi wote, na diwani anakuja. Akiibadilisha kwa ajili ya mtoto mmoja watasema shule ina upendeleo. Kisha akasema jambo la haki kabisa, ndiyo maana limeniuma: "Sheria ni yako, mwalimu. Wewe simama mbele ya wazazi, useme ulikosea, mimi nitaifuta palepale."

Nikamjibu nitafikiria.

Nimefikiria. Sitaki. Mbele ya diwani? Mbele ya wale mama ambao siku zote huniambia madam wewe ndiye kichwa cha hii shule? Sitaki kabisa. Nina aibu kuandika hivi lakini humu hasomi mtu.

Nikatafuta njia ya uoga. Nikamwita Emelyne, nikamwambia kesho aiseme moyoni tu, asitoe sauti. Akafikiri kweli kweli. "Moyoni nitaisikiaje, madam?"

Nikamwambia ajaribu.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika ofisini. Mkutano umesimama. Mvua imepiga bati mpaka mkuu akasalimu amri, akasema tusubiri ipungue.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Wengine wote walipita ubaoni wakaandika, wazazi wakapiga vigelegele. Diwani alinipa mkono. Mzee Dieudonne amekaa mbele kabisa, kavaa koti. Ndege kawaachia wadogo zake Emelyne.

Kisha akaitwa Emelyne. Mkuu akampa jambo la kuandikia: kwa nini tunapanda miti. Jepesi! Akashika chaki. Kimya. Nikaona anajaribu, kweli anajaribu kufanya nilivyomwambia. Mkono ukapanda, ukashuka. Halafu midomo ikaanza, sauti ndogo tu, na mkuu akasema, "Kimya, binti. Anayeongea ameshindwa." Kwa upole kabisa. Maneno yangu, neno kwa neno.

Midomo ikafunga. Mama mmoja nyuma akacheka. Mzee Dieudonne akaanza kuitafuta kofia yake chini ya benchi. Hapo ndipo mvua ilipoanguka, na nilisema asante Mungu kwa sauti hadi Scola akaniangalia.

Sasa Scola ananiambia nenda ukaseme. Leonidas yuko mlangoni. Nilitegemea anicheke. Amesema tu kwamba nikisema atasimama na mimi, maana hata yeye siku ile hakunizuia. Bora angenicheka!

Nimejaribu kuyapanga hapa kabla ya kutoka. Ndugu wazazi, Mpango ni mzuri lakini bado mchanga — hapana. Ndugu wazazi, mtoto huyu ana namna yake, kwa hiyo tumvumilie — hapana, yeye ana kosa gani? Ndugu wazazi, imeonekana kwamba… Imeonekana na nani? Nazitazama zote, hakuna hata moja yenye mimi ndani yake. Mwanafunzi angeniletea hizi ningempiga kosa.

Mvua inapungua. Nasikia mabenchi yanavutwa. Dirishani namwona Emelyne bado yuko ubaoni, hakuna aliyekumbuka kumwambia akae. Chaki anayo mkononi. Baba yake amesimama, kofia kichwani, anaongea na mkuu, anaonyesha njia ya kwenda barabarani. Anaaga.

Mkuu anageuka huku, ananiita. Naandika haraka, mwandiko wenyewe huu hata mimi sitausoma. Sentensi imekataa kuandikika humu. Naenda kuisema kwanza.