Kambakoche Watatu wa Mwamba Uliofungwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Welmince Sauyai
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwenye nyumba ya wageni, kiongozi wa walinzi wa mwamba
Makazi: Kijiji cha Yensaru, nyumba ya mwisho upande wa kanisa
Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 27 Julai 2023, kuanzia saa 4:10 asubuhi, kituoni, mbele ya Sajenti Melkias Rumbiak

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa kusema kweli na nimekubali. Naomba iandikwe kwamba nilipotoka nyumbani leo nilikuwa na maneno mengine mdomoni.

Afande amenisomea karatasi mbili zisizopatana. Ya kwanza ni taarifa ya ofisi ya ada za wageni. Inasema nilikiri kanisani kwamba nilitoa kambakoche kwenye mwamba uliofungwa. Ya pili ni picha ya sahani. Chini yake mgeni wangu ameandika kwamba kambakoche hao waliletwa na ndugu wa mwenye nyumba. Afande ameniuliza, "Mama, niandike lipi?" Nimemwomba maji kwanza.

Mwamba wetu umefungwa kwa sasi, katazo letu la kimila la kuvua, tangu mwaka 2015. Mchungaji aliuombea, tukasimika miti yenye makuti kila pembe, na tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kutia wavu, ndoana wala mkono. Wageni hulipa ada kuja kupiga mbizi na kuangalia, na kijiji kina fungu lake katika ada hiyo. Fungu hilo ndilo mafuta ya boti ya zahanati na posho ya mkunga. Hospitali iko mbali, saa tatu kwa boti yenye mashine.

Mkataba niliutia saini mimi kwa niaba ya walinzi, kinamama kumi na wanne. Unasema mwanakijiji akivunja sasi atashtakiwa peke yake. Mlinzi akivunja, fungu la kijiji zima linasimama kwa miaka miwili. Sharti hilo nililidai mimi mwenyewe. Wanaume walikuwa wakitutania kwamba tutalinda asubuhi na kuvua jioni, nikapandwa na hasira, nikasema basi andikeni kwamba tukikosa sisi, tukose wote. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Mnamo tarehe 6 Julai 2023, siku ya Alhamisi, nilikuwa na wageni wawili, Bibi Marijke na mume wake, watu wazima kutoka Uholanzi. Ilikuwa siku yao ya mwisho. Upepo ulikuwa umepiga siku nne na boti inayoleta kuku na mboga haikuja. Nilikuwa nimewapa tambi za paketi, dagaa, na mara moja papeda, ule uji wetu mzito wa sago unaonata. Ile papeda ilimshinda mzee, ikamning'inia kidevuni, mkewe akacheka mpaka akafuta machozi. Hawakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

Kama saa mbili asubuhi nilikuwa jikoni nanung'unika. Maneno yangu nayakumbuka. Nilisema, "Watu wametoka mwisho wa dunia, wamelipa kuangalia samaki wetu, na mimi nawalisha tambi." Mdogo wangu Obeth alikuwa amekaa mlangoni anakunywa kahawa. Akasema, "Kwani bahari imehama, Dada?" Nikamjibu kwamba upande wa wazi, tunakoruhusiwa kuvua, maji yamechafuka na hakuna kitu. Akaweka kikombe chini, akaondoka.

Saa kumi jioni alirudi na gunia. Ndani mlikuwa na kambakoche watatu, wazima, wanapiga mikia. Ndevu zao zilinifika kiwikoni. Wa ukubwa ule hawapo upande wa wazi, na anayejua hilo kuliko wote Yensaru ni mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilimuuliza amewatoa wapi. Akasema, "Weka sufuria, Dada. Wageni wako wana njaa."

Walikuwa hai. Ningeweza kumwambia awarudishe, na giza lilikuwa bado. Niliweka sufuria.

Afande ameniuliza kama nilipika nikijua. Nilijua. Ameusoma mkataba tena na kusema kwamba unamtaja anayetoa kitu mwambani, haumtaji anayepika. Amesema nitapewa onyo la maandishi, nami nimelikubali.

Bibi Marijke alipiga makofi, akapiga na picha. Aliuliza ni nani aliyewavua. Nikamwambia ni mdogo wangu, tena nikasema kwa kujivuna.

Tarehe 15 Julai, Jumamosi, mkuu wa kijiji alitusomea barua ya ofisi ya ada. Mtu wao alikuwa ameiona ile picha mtandaoni na kutambua meza yangu. Walitaka kujua kambakoche wale walitoka wapi. Mkuu wa kijiji alisema mwenye kosa atajitokeza kesho yake kanisani, kama ilivyo desturi.

Aliyevunja sasi husimama mbele ya kanisa, hukiri, mchungaji humwombea, na jambo huzikwa hapohapo. Polisi hawajawahi kuitwa. Na mkubwa wa nyumba anaweza kubeba kosa la mdogo wake. Mama yangu alibeba la mjomba, na watu walizidi kumheshimu. Wazazi wetu wameshafariki. Mkubwa ni mimi.

Tarehe 16 Julai, Jumapili, kama saa nne asubuhi, nilisimama. Obeth alikuwa benchi la nyuma karibu na dirisha. Sikuwa nimemwambia. Nilisema kwamba nilitia mkono mwambani kabla ya siku ya kufunguliwa na naomba msamaha. Aliinua kichwa, akanitazama, akainama tena. Kinamama wenzangu wa ulinzi walinikumbatia mmojammoja. Baada ya ibada tulikula pamoja, tukatafuna tambuu, na usiku nililala usingizi mzuri. Sitaki kudanganya. Nilijisikia vizuri kabisa.

Nilisahau jambo moja. Katibu wa kanisa letu, Yulianus Dimara, ndiye pia karani anayepeleka taarifa za mwamba kwenye ofisi ya ada kila mwezi. Tarehe 20 alikuja nyumbani, hakukaa, akaniambia, "Mama, kitabu cha kanisa ni kimoja na taarifa ni nyingine, lakini mkono unaoandika ni huu huu. Siwezi kusikia Jumapili nikasahau Jumatatu." Nilimchukia siku mbili. Kisha nikaona kwamba angefanya vingine, mimi ndiye ningemshtaki.

Leo tumetoka Yensaru saa kumi na mbili alfajiri kwa boti ya zahanati, mimi na Obeth peke yetu. Obeth ndiye dereva wa boti hiyo na hakuna mwingine. Miaka minne iliyopita mke wake Martina alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukampakia kwenye mtumbwi wa kasia, na hakufika. Mtoto naye hakufika. Boti ilipopatikana Obeth aliomba kazi hiyo kabla haijafungwa mashine. Ameshavusha kinamama kumi na mmoja na wote wamerudi na watoto wao. Binti yangu Rahel anatarajia kujifungua katikati ya Agosti.

Njiani alikuwa na maneno mengi. Alisema, "Wewe ni mama mtu mzima, watakukemea kidogo, tutarudi kabla wali haujapoa." Hajausoma mkataba. Mimi niliyeusoma nilijiambia kwamba kosa limeshaombewa na hakuna mtu atakayefungua lile sharti langu. Nilikuja kusema ni mimi, nitie saini, niende nyumbani.

Afande akanionyesha karatasi ya tatu, barua. Ofisi ya ada imeshaandika kwamba mkuu wa walinzi amekiri, hivyo fungu la Yensaru linasimama kuanzia tarehe 1 Agosti, isipokuwa polisi wathibitishe kwamba aliyevunja si mlinzi. Tarehe 1 ni Jumanne ijayo.

Nimeuliza kama naweza kutozwa faini mimi badala ya kijiji. Haiwezekani. Nimeuliza kama aliyevua anaweza kuachwa aendelee kuendesha boti mpaka kesi iishe. Afande amesema mtuhumiwa wa kesi za hifadhi huwekwa ndani mpaka afikishwe mahakamani. Nimeuliza kama anaweza kuja kuchukuliwa baada ya Rahel kujifungua. Amesema mahakama haipangi tarehe kwa mimba ya mtu. Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia maji tena.

Nikisema ni mimi, boti itakuwepo bila mafuta. Nikisema ni Obeth, mafuta yatakuwepo bila dereva. Nimeligeuza huku na huku sioni pa kutokea, na kila upande nilioziba niliuziba kwa mikono yangu. Ni mimi niliyedai lile sharti, nikanung'unika jikoni, nikaweka sufuria, kisha nikasimama kanisani bila kuombwa na mtu.

Dereva mwingine anaweza kujifunza, hata akichukua mwaka. Mafuta yakikatwa hakuna atakayejifunza chochote, na kinamama watarudi kwenye kasia.

Kwa hiyo nasema hivi. Aliyewatoa kambakoche watatu kwenye mwamba uliofungwa, tarehe 6 Julai, ni Obeth Sauyai, miaka 38, mdogo wangu wa tumbo moja. Nilichosema kanisani kilikuwa uongo, na nitasimama tena Jumapili mbele ya watu walewale kusema hivyo. Obeth hakuvua ili auze. Alivua kwa sababu alinisikia nikiona aibu. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema, lisifupishwe.

Yuko nje, kwenye benchi. Ameninunulia wali kwa mama wa kona, ameufunika kwa jani, ananingoja tule.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote tangu mwanzo, ni maneno yangu, na hakuna aliyenilazimisha isipokuwa mambo yenyewe.

(Saini) Welmince Sauyai

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akayathibitisha saa 7:35 mchana. Saa 7:50 nilimwita ndani Obeth Sauyai, nikamjulisha sababu ya kukamatwa kwake. Hakubisha. Aliomba kuzungumza na dada yake, nikaruhusu mbele yangu. Alimkabidhi ufunguo wa mashine. Alimweleza kwamba bomba la tangi la pili hufunguliwa kwa kugeuzwa kushoto, kwamba akiuona mwamba wa kwanza apunguze mwendo na kufuata maji meusi, na kwamba asiogope mashine ikikohoa. Shahidi alimwambia kwamba hajawahi kuendesha boti. Mtuhumiwa akajibu, "Najua, Dada. Sikiliza tena," akaanza upya.

(Saini) Sajenti M. Rumbiak