Kisanduku Kinachonguruma

Geita,
12 Mei 1974

Kwa babu yangu, Mzee Akida,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mtoto wa kaka Nassibu, yule mliyenituma nije kumlea, ameanza kutambaa na anakula udongo kwa bidii. Macho yako yanaendeleaje? Na mguu? Usinijibu kwamba unamshukuru Mungu tu, nataka kujua hasa.

Babu, nina shida. Bendi ya kaka ina kisanduku cha vali, kile kinachopokea sauti ya maikrofoni na gitaa kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya kubwa. Kimeanza kunguruma. Kinasema nguuu tangu wanawasha mpaka wanazima, hata pasipo mtu anayepiga wala kuimba. Tena kinapata moto mpaka kinanuka. Jumamosi walipiga nyimbo chache wakakizima, na Masele mwenye ukumbi akasema watu hawaji kwake kusikiliza mashine ya kusaga.

Kaka anataka kukipeleka kwa fundi Mwanza. Nikamwambia nitakifungua mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimekulia kwenye karakana yako, babu, lakini huku wananijua kwa kubeba mtoto tu. Nielekeze kwa barua, nitafuata neno kwa neno.

La pili. Nimesikia unataka kumpangisha Thobias mshonaji chumba cha karakana. Usimpe. Nipe mimi.

Mjukuu wako,
Zamoyoni


Shinyanga,
27 Mei 1974

Mchumba wangu Zamoyoni,

Marahaba. Macho, asubuhi naona, jioni nakisia. Mguu upo, bado ni wangu. Nyumbani wote wazima na wanakusalimu, isipokuwa kuku wako mwekundu. Alikuja mgeni.

Habari ya Thobias ni kweli. Baba zako wana kazi zao, hakuna anayetaka kunusa moshi wa solda, na mimi nyaya nyembamba siku hizi nazipapasa. Nimemwambia alete cherehani yake mwanzoni mwa mwezi wa nane. Inaniuma, sikufichi. Lakini karakana bila fundi ni stoo ya panya.

Sasa wewe unasema nikupe. Bibi yako, Mungu amrehemu, angesema nimemletea mke mwenza mwenye bisibisi. Basi tufanye hivi: tengeneza hicho kisanduku kwa mkono wako, asikusaidie mtu. Kikipona, Thobias atatafuta chumba kingine. Kisipopona, wewe ndiye utakayepika pilau siku ya kumkaribisha.

Sikiliza. Zima, chomoa waya, kisha nenda kanywe chai. Usikiguse kabla ya hapo. Kondensa hutunza umeme hata baada ya kuzima, na hazina huruma. Ukirudi, gusisha miguu yake kwenye bati la kisanduku kwa bisibisi yenye mpini wa mbao. Mkono mmoja fanya kazi, wa pili uweke mgongoni. Ukimaliza kukagua ndani, chomoa vali ya kwanza, ile ya upande wa maikrofoni, funika, washa. Ngurumo ikiisha, mgonjwa ni vali hiyo au waya wake. Ikibaki, kosa liko upande wa umeme; tafuta kondensa iliyovimba. Kuhusu moto, angalia kwanza kama kisanduku kinapata hewa.

Niandikie mara moja.

Babu yako


Shinyanga,
24 Juni 1974

Zamoyoni,

Salamu nyingi. Sijapata barua yako. Makoye, konda wa basi, anasema hajakuona stendi wala hajapewa bahasha. Nimemuuliza kila anapopita, mpaka sasa akiniona anajifanya anapanga mizigo.

Niliandika habari ya mkono mmoja mgongoni? Nakumbuka niliandika, lakini kwa giza hili la macho yangu siuamini tena mkono wangu. Kama kimekurusha, sema. Kama umeshindwa, sema pia. Sikukuoza kwa kisanduku. Naogopa, mjukuu wangu, na uzee haunisaidii kuficha.

Thobias amekuja kupima mlango kama meza yake itapita. Inapita.

Babu yako


Geita,
3 Julai 1974

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe. Mimi mzima, vidole vyote kumi ninavyo. Mtoto aliugua homa kali, tukahamia hospitali na kurudi, na barua ikabaki kichwani. Amepona, amerudia udongo wake.

Sasa kisanduku. Nilifanya ulivyosema, na chai nilikunywa vikombe viwili kwa woga. Nilitoa vali ya kwanza, ngurumo ikabaki vilevile. Nikatafuta upande wa umeme, nikaikuta kondensa imevimba na kuvuja utomvu. Jirani yetu Mbuke ana redio iliyokufa, anawekea mayai juu yake. Kondensa yake ilikuwa nzima na namba zinalingana. Nikamwomba, nikailehemu mahali pake. Tulipowasha palikuwa kimya, babu. Kaka aligonga spika akidhani imekatika. Halafu akagusa uzi mmoja wa gitaa na Mbuke akanishukuru kama mama kwa mwanawe, "Wabeja sana, ng'wanawane, hiyo sasa ni sauti."

Lakini moto haukwisha. Nilibadilisha vali, nikapima, nikafungua tena na tena. Uliniambia niangalie hewa, nami nikaangalia: matundu yako juu, mengi, safi. Nikakata tamaa, nikaanza kuwaza pilau la Thobias.

Jumapili mtoto akatapikia kitambaa. Nikakifua, nikakianika, na bendi ikapiga jioni nzima kisanduku kikiwa vuguvugu tu.

Kitambaa gani, utauliza. Wewe mwenyewe unajua redio haikai uchi sebuleni. Basi Eufrasia, mke wa mpiga ngoma, alisema kisanduku kinachokwenda mbele za watu hakiwezi kukosa nguo. Tukakishonea, maua pembeni, lastiki chini kikae vizuri. Hakivuliwi hata wakipiga, maana jina la bendi liko juu yake, na jina hilo nimelidarizi mimi. Kila nilipofungua kisanduku nilikivua kitambaa kwanza, nikakikunja kwa heshima, nikaanza kutafuta ugonjwa.

Kwa hiyo aliyekuwa anakichemsha ni mimi. Ningeweza kukuandikia kwamba kimepona na kunyamaza, lakini nataka unipe karakana ukijua unampa nani. Eufrasia bado amenuna. Tumekubaliana kitambaa kitandikwe chini.

Mjukuu wako,
Zamoyoni


Shinyanga,
16 Julai 1974

Mchumba wangu,

Marahaba. Barua yako nilisomewa na Makoye palepale stendi, kwa kuwa sikuweza kungoja kufika nyumbani. Alipofika kwenye lastiki alishindwa kuendelea, na abiria wakasubiri.

Nikicheka, nikakumbuka mzee mmoja wa Songwa ambaye redio yake huungua kila baada ya mavuno, anapoipiga mchana kutwa. Kila akiileta nabadilisha vali, naijaribu mezani, inaimba vizuri, anaondoka nayo. Jana nikamtumia salamu: je, huwa mnaifunika? Amejibu kwamba mkewe ameishonea kitambaa kizito cha kupendeza, kwani kuna ubaya gani? Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Hapa karakana redio zote huja uchi, na mimi sikuwahi kuuliza zinavaa nini nyumbani kwao.

Thobias nimemwambia ukweli. Amepata kibaraza karibu na soko na anasema huko kuna upepo zaidi. Nassibu atafute mlezi mwingine, nimeshamwandikia, akilalamika mwambie aje anione.

Leo asubuhi amekuja mtu wa Kishapu na redio inayonguruma. Nikamwambia aiache, fundi yuko njiani anatoka Geita. Akashangaa, akaniuliza, "Kwani fundi si wewe, mzee?"

Nikamwambia mimi hapa nashika tochi.

Babu yako