Faulo ya Tano ya Zuhura

Jumatano, 18 Juni 2003. Ruangwa
Mazoezi ya kikapu tena, vumbi tena. Ubao mmoja hauna ringi. Wasichana hoi, Zuhura hachoki. Kidato cha tatu. Mama yake analima ufuta Chinongwe, ada imemshinda, na mkuu wa shule amesema mwisho wa uvumilivu ni likizo hii. Jumamosi tunacheza fainali na Nachingwea. Mteuzi wa timu ya mkoa atakuwepo. Atakayechaguliwa atasomeshwa bure Lindi. Mtoto huyu hana mlango mwingine. Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni. Nachingwea
Kwa desturi yetu kila wilaya inaleta filimbi yake, yaani mwamuzi. Mimi wa Ruangwa, Ngonyani wa hapa, na mwenyeji ndiye mwamuzi mkuu. Ngonyani alifundishwa na mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, anafuata kitabu cha sheria cha kwao Marekani. Mimi nafuata cha kimataifa. Nimemwambia tukae tuelewane kabla ya kesho.
"Faulo ni faulo, bwana. Twende tukale."
Tukaenda tukala. Wapumbavu wawili.

Jumamosi, 21 Juni
Kwenye kikapu, faulo tano unatoka.
Zuhura alikuwa na faulo nne. Nahodha wao akaja mbio na mpira. Zuhura amesimama, ametulia tuli. Nahodha akamvaa kifuani, wote chini. Filimbi mbili. Mimi nikaonyesha kosa la mshambuliaji, Ngonyani akaonyesha kosa la mzuiaji. Mikono yote juu, uwanja mzima unatazama.
Kitabu changu kinasema waamuzi washauriane, wachague moja. Chake kinasema mkishaonyesha tofauti, wachezaji wote wawili wanaandikiwa faulo. Nikabisha. Watu wakazomea, ati nambeba mwanafunzi wangu. Nikanywea. Nikaenda mezani kwa waandishi wa alama kwa miguu yangu, nikakubali. Faulo ya tano. Zuhura nje.
Gari la mteuzi liliharibika njiani. Akafika Zuhura kishakaa benchi. Nikamwomba amtazame hata baada ya mechi. Akasema yeye anateua wanaocheza. Akamchukua nahodha wa Nachingwea. Yule yule! Ee Mungu wangu.

Jumapili, 22 Juni. Ruangwa
Kwenye lori hakuna aliyeimba. Jana Ngonyani alinipa mkono, ati tumemaliza salama. Salama ya nani? Namchukia. Mwenyewe najichukia zaidi. Nina filimbi shingoni na sina kauli.

Alhamisi, 26 Juni
Zuhura alikuja uwanjani kuaga. Anakwenda Chinongwe kuvuna ufuta. Shule basi.
"Shikamoo, mwalimu. Na wewe ulikubali pale mezani. Naomba unionyeshe nilipokosea."
Nikamwambia asimame kama siku ile. Akasimama. Miguu sawa, mikono sawa, kifua kimemwelekea mshambuliaji. Nilimzunguka kutafuta kosa. Hakuna.
Nikamwambia apanue miguu kidogo, kana kwamba hapo ndipo alipokosea.
Akapanua. Akasema asante, mwalimu.